Kipimo ni Mwenye Mzigo Kichwani

Barabara ya mji ni ya nani? Siku hizi swali hili huachiwa wahandisi na watu wa bajeti, kana kwamba dini haina neno juu ya lami na mitaro. Kumbe fiqhi ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyowalea watu wa Pemba, ililijibu karne nyingi kabla gari la kwanza halijashushwa kisiwani. Jibu lake ni kwamba njia imewekwa kwa ajili ya kupita, na anayepita kwa miguu ana haki kamili ndani yake. Nikilitazama jibu hilo kwa makini, naona kwamba kumtengea nafasi mwenda kwa miguu na mpanda baiskeli katikati ya Chake Chake si hisani ya serikali. Ni deni.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba manufaa ya njia ni kupita. Kukaa njiani kupumzika au kuuza kunafaa, mradi mpitaji asibanwe; muuzaji ameruhusiwa hata kujiwekea kivuli cha jamvi. Na kipaa kinachotokeza juu ya njia sharti kiinuliwe hadi mtu apite wima chini yake. Wafasiri wakazidi kufafanua: apite wima pamoja na mzigo wake kichwani. Hapo pana jambo kubwa. Walipotafuta cha kupimia njia, wanazuoni hawakuchukua urefu wa jengo wala fahari ya mwenye jengo, walimchukua mchukuzi. Mama anayepandisha kilima kwenda soko la Chake na tenga la maembe kichwani, shingo imekakamaa, macho yako mbele, hawezi kuinama kukwepa bati la duka wala kuruka mtaro ulio wazi. Njia ikimfaa yeye, itamfaa kila mtu.

Kabla ya Nawawi, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya fungu zima la maovu ya njiani: nguzo na mabaraza yanayoifanya njia nyembamba, wanyama waliofungwa pasipo nafasi, mizigo ya miba inayochana nguo za watu, maganda ya matikiti, maji yanayomwagwa mtu akateleza. Aliyaandika pamoja na maovu ya misikitini na sokoni, wala hakuyaona madogo. Mtu akiichukua orodha ile leo na kupita nayo katika mji wowote wa pwani yetu, atabadilisha majina tu: pikipiki zilizopangwa pale miguu ilipotakiwa kupita, gari lililoegeshwa hadi ukutani, kifusi kilichosahauliwa. Mtoto anayekwenda chuoni hulazimika kushuka katikati ya lami, na mchuuzi wa samaki aliyefunga tenga nyuma ya baiskeli hubaki kati ya mtaro na gari la abiria.

Wako watakaosema kwamba sokoni ndiko riziki ilipo, na kumwondoa mwenye meza ni kumnyima chakula. Hoja hii ina uzito, na wanazuoni wenyewe waliupima. Ghazali aliruhusu kuni na vyakula kuwekwa njiani kwa kadiri ya kuvihamishia majumbani, kwa sababu haja hiyo ni ya wote. Kinachokatazwa ni dhara, wala si biashara. Kwa hiyo mji unaoondoa meza bila kumwonyesha mwenye meza mahali pengine pa kukaa umetekeleza nusu ya hukumu na kuiacha nusu. Lakini riziki ya muuzaji mmoja haiwezi kuwa hoja ya kumsukuma mwenye riziki mwingine barabarani, maana hata yule mchuuzi wa samaki anatafuta.

Wengine husema ajali ni kadari. Ni kweli, hakuna litokalo nje ya kadari. Ila Umar bin Khattab, alipogeuza safari yake ya Shamu kwa sababu ya tauni na akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Ukingo wa njia uliojengwa vizuri nao ni kadari. Na fiqhi hiyohiyo inamtoza mpanda mnyama fidia ya kile mnyama wake alichoharibu. Hatusikii akisamehewa kwa kuwa limeandikwa. Mwenye gari ana nguvu zaidi ya mwenye punda, na dhamana yake inakua vivyo hivyo.

Inabaki hoja ya maendeleo: kwamba mji unaokua unahitaji barabara pana za magari. Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya 540,000, na wengi wao hawana gari. Barabara itokayo Mkoani kwenda Wete inaikuta Chake na vilima vyake, na nafasi ya kupanua ni ndogo. Kila futi atakayopewa dereva itachukuliwa kwa mtu. Basi anayechora barabara ya mji na aanze na ukingo wa mguu: mtaro ufunikwe, baiskeli ipate mstari wake pale panapotosha, na ukingo uwe na upana wa matenga mawili kupishana, moja likipanda na jingine likishuka. Kitakachobaki katikati ndicho cha magari.