Cha Kusema na cha Kusitiri Mbele ya Baraza

Tanzania Bara, anayetaka talaka haendi moja kwa moja mahakamani. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la Waislamu chini ya BAKWATA, au la kanisa. Wazee wa baraza wakishindwa kuwapatanisha wawili hao, huandika hati ya kueleza walichokiona, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Kwa hiyo kabla ya siku ya wito watu hujiandaa. Huyu anatafuta cheti cha ndoa na risiti za ada ya watoto, yule anamrudia mshenga aliyemposea. Lakini kuna swali ambalo risiti hazilijibu: mbele ya wazee wale, kipi kisemwe na kipi kisitiriwe?

Ni swali la dini kabla halijawa la sheria. Muislamu amefundishwa, kwa mujibu wa Sura ya Al-Baqara, kwamba mume na mke ni vazi la kila mmoja kwa mwenzake, na vazi hufunika. Bibi arusi wa Pwani hufundwa na somo wake kwamba ya chumbani hayavuki kizingiti. Mkristo naye huambiwa kanisani kwamba upendo husitiri mengi. Halafu miaka inapita, mambo yanaharibika, na mtu yuleyule anatakiwa awaeleze wazee yaleyale aliyokatazwa kuyatamka. Wengine kati ya wazee hao ni majirani zake.

Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alizifuatilia mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, na mwaka 1998 akachapisha kitabu kiitwacho Pronouncing and Persevering. Anaeleza jinsi mke wa Kiswahili anavyotarajiwa kuvumilia kimya, hata kule kueleza tu masaibu yake mbele ya kadhi kukahesabiwa kuwa ni kuivunjia nyumba heshima. Hata hivyo wanawake wengi waliokwenda kusema walishinda mashauri yao. Jamii iliwalaumu kwa kusema, na kadhi akawapa haki kwa sababu walisema.

Wanaohubiri kimya hicho kwa jina la dini wangefaa kuurudia mwanzo wa Uislamu wenyewe. Khawla bint Tha'laba alitamkiwa na mumewe, Aws bin Samit, kuwa kwake ni kama mgongo wa mama yake. Kwa desturi ya Waarabu wa zama zile, neno hilo lilimfanya mke awe haramu kwa mumewe huku akibaki amefungwa. Khawla hakunyamaza, alikwenda kujadiliana na Mtume, na Sura ya 58, Al-Mujadila, inafunguka kwa malalamiko yake. Hind bint Utba alimshitaki mumewe Abu Sufyan kwamba ni bahili, hampi yeye na wanawe cha kuwatosha. Hakuambiwa kuwa anamsengenya mume. Aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema. Imamu Nawawi, alipoorodhesha hali zinazohalalisha kumsema mtu asiyekuwepo, aliitaja ya mwenye kudhulumiwa anayepeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumsaidia, na hadithi ya Hind ni miongoni mwa alizozitumia katika mlango huo.

Mwanamke wa tatu ndiye wa kutazamwa zaidi. Mke wa Thabit bin Qays alitaka kuachana na mumewe, na alipofika kwa Mtume alisema wazi kwamba hamlaumu kwa tabia wala kwa dini. Ila hakuweza kuendelea kuishi naye bila kuhofia kukosea katika imani yake. Aliulizwa kama yuko tayari kurudisha bustani aliyopewa kuwa mahari. Alikubali, na yakaisha. Hakumvua mtu nguo, na alichokitaka alikipata.

Katika Injili ya Mathayo yupo mwanamume wa aina hiyo. Yusufu, alipodhani ana sababu ya kumwacha Mariamu, alikusudia kumwacha kwa siri ili asimwaibishe, na Injili inamwita mwenye haki palepale inapoitaja nia hiyo. Sura ya 18 ya Injili hiyohiyo inaweka hatua za kufuata: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, asiposikia nenda na mmoja au wawili, ndipo uliambie kanisa. Jambo linafunuliwa kwa kadiri ukaidi unavyozidi, wala si kumwagwa lote siku ya kwanza.

Hapo mpaka unaonekana. Sitara imewekwa kulinda utu wa mtu. Haikuwekwa kulinda dhuluma yake. Anayejiandaa kwenda barazani aipitie orodha yake ya lawama na kwa kila moja ajiulize: hili linawasaidia wazee kuamua, au linanipoza moyo tu? Udhaifu wa mume kitandani, ugonjwa wa mama mkwe, maneno ya ulevini ya mwaka juzi: mengi ya haya yanaweza kubaki nyumbani. Kipigo hakibaki. Watoto kulala na njaa wakati mshahara upo hakubaki.

Wala fedha hazibaki, ingawa wanandoa wengi huona haya kuzitaja kuliko mambo mengine yote. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo bado inatajwa kila siku mahakamani. Kisichotajwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa Mahakama iliona ametapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara. Ya jikoni yalimjengea hoja, na hesabu ikaibomoa.

Lililobaki linawahusu wanaosikiliza. Qurani, katika Sura ya 4 aya ya 35, inataka mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke, watu wenye uchungu na heshima ya pande zote mbili. Mjumbe anayeyapeleka ya barazani kwenye kahawa ya jioni hana sifa hiyo. Wala hana sifa hiyo anayemrudisha mwanamke mwenye majeraha mara ya tatu akamwambia avumilie tena. Kifungu cha 101 kinamruhusu mtu kuliruka baraza pale mahakama inaporidhika kwamba kuna hali isiyo ya kawaida inayofanya usuluhishi usiwezekane. Ruhusa hiyo imo katika sheria tangu 1971. Masheikh, mapadri na wenyeviti wa mabaraza waisome, na wawaambie waumini wao kwamba ipo.