Filamu ya Dracula: Tunalalamikia uongo wa wenzetu, wa kwetu je?



Ndugu Waislamu, siku moja mjini Sumbawanga, baada ya swala ya Isha, vijana watatu walibaki barazani mwa msikiti wakibishana. Baridi ya Ufipa kila mtu anaijua, na saa ile watu huwa wanakimbilia majumbani. Lakini hawa hawakujali. Walikuwa hawabishani juu ya Simba na Yanga, bali juu ya filamu waliyoiona kibanda umiza, filamu ya mnyonya damu iitwayo Dracula Untold. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2014, lakini kibandani filamu haizeeki. Ikishapata mtu wa kuitafsiri kwa Kiswahili chenye vionjo, huzunguka miaka na miaka.

Wa kwanza alisema: "Kumbe Sultani wetu ndiyo alikuwa katili namna ile? Basi wanaotusema wana haki." Wa pili akamjibu: "Muvi ni muvi tu bwana. Mbona mtu kugeuka popo hukuuliza, unauliza Sultani?" Wa tatu akaja juu: "Hao wametutukana, na nyinyi mnawalipa kiingilio ili mtukanwe."

Tuwasikilize vijana hawa, maana katika rai zao tatu yamo maradhi ya umma mzima.

Kwanza tueleze filamu inasema nini. Inamwonesha mfalme Vlad wa Wallachia, nchi iliyo kusini mwa Romania ya leo. Sultani wa dola ya Uthmaniya, Muhammad wa Pili, anamtaka atoe watoto wa kiume 1,000 wakafanywe askari, pamoja na mwanawe wa kumzaa. Vlad anakataa. Anapanda mlimani, anaingia pangoni kwa mnyonya damu wa kale na kupewa nguvu zake ili aokoe watu wake. Mwisho wa yote anamuua Sultani kwa mkono wake. Kwa hiyo mnyonya damu ndiye shujaa anayelia na mkewe na mwanawe, na Muislamu ndiye shetani asiye na huruma.

Sasa historia inasemaje? Vlad alikuwepo kweli. Baba yake aliitwa Dracul kwa kuwa aliingia katika chama cha mashujaa wa Kikristo kilichojiita cha Joka, na mtoto akaitwa Dracula, yaani mwana wa Dracul. Ni kweli pia kwamba katika miaka ya 1440, yeye na mdogo wake Radu waliwekwa rehani kwa Sultani. Lakini sifa iliyombakia Vlad duniani si ya huruma. Ni ya kuwatundika watu kwenye miti iliyochongwa, wakafa taratibu. Mwezi Februari 1462 yeye mwenyewe alimwandikia mfalme wa Hungaria akijisifu kuwa ameua watu 23,884, Waturuki na Wabulgaria. Wabulgaria wale, ndugu msomaji, walikuwa Wakristo wenzake. Na vijitabu vilivyomtangaza kwa ukatili karne ile vilichapwa Ujerumani, wala si Istanbul.

Sultani Muhammad aliongoza jeshi lake kwenda Wallachia mwaka huo huo wa 1462. Hakuuawa na Vlad. Vlad alikimbia, akakamatwa na kufungwa na yule yule mfalme wa Hungaria aliyemwandikia barua, na kiti chake akakikalia ndugu yake Radu. Vlad aliuawa mwishoni mwa 1476 au mwanzoni mwa 1477. Sultani akafa mwaka 1481. Basi aliyekufa mbele amemuuaje aliyekufa nyuma?

Na hiyo habari ya kunywa damu? Hiyo ililetwa na mwandishi wa riwaya kutoka Ireland, Bram Stoker, mwaka 1897, zaidi ya miaka 400 baada ya kifo cha Vlad. Alilikuta jina la Dracula katika kitabu, likampendeza, akalivika mnyonya damu wake. Watengeneza filamu wakachukua riwaya, wakaichovya katika historia, wakamtafutia adui. Katika dunia ya baada ya Septemba 11, 2001, adui aliyepatikana kwa bei rahisi ni nani? Ni mwenye kilemba.

Kwa hiyo kijana wa tatu ana haki ya kukasirika. Lakini hasira yake isimvushe mpaka. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Maidah (5:8) kwamba chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Uadilifu unatulazimisha tukiri kwamba dola ya Uthmaniya ilikuwa na utaratibu wa kuchukua watoto wa Kikristo katika nchi za Balkani na kuwafanya askari na watumishi wa dola. Hilo halikuzuliwa na filamu. Muislamu halazimiki kutetea kila alichokifanya kila mfalme aliyeitwa Muhammad. Sisi tunatetea Uislamu, na Uislamu umesema hakuna kulazimishana katika dini (2:256). Aliyeufungua mji wa Kostantinia mwaka 1453 akiwa kijana wa miaka 21 ana sifa zake na ana hesabu yake mbele ya Mola wake. Tusimgeuze malaika kwa sababu tu wengine wamemgeuza shetani.

Kijana wa pili, anayesema muvi ni muvi tu, naye tumjibu. Ni kweli hakuna mtu mzima atakayetoka kibandani akiamini kuwa mtu hugeuka popo. Lakini kijana wa kwanza ametoka akiamini jambo jingine, kuhusu Sultani, na hakujua kama ameliamini. Ndivyo uongo unavyofanya kazi. Ule mkubwa unachekwa, na mdogo unapita chini yake kama panya chini ya mlango. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa muongo akisimulia kila analolisikia. Leo tuongeze: na kila analoliona kwenye skrini, na kila linaloingia kwenye simu yake.

Mpaka hapa, bila shaka wengi mmeridhika. Tumewashinda wenye filamu. Lakini mimi sikushika kalamu leo kwa ajili ya watu wa Hollywood. Wao hawasomi gazeti hili. Nimeishika kwa ajili yetu.

Tujiulize: je, sisi hatuna Dracula wetu?

Tunaye, na ana majina mengi. Pwani aliitwa mumiani. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, enzi za Mwingereza, watu walisema ni wazimamoto, kwamba gari lile jekundu halikuja kuzima moto bali kuchukua damu za watu. Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, walimwita banyama. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000. Ukoloni uliwanyonya watu kweli, jasho na mali, na uvumi ukapata pa kushika.

Lakini mkoloni amekwenda, na mumiani amebaki. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Kosa lao nini? Walikwenda kuchunguza udongo. Ikavuma kuwa ni wanyonya damu. Mwaka uliofuata, 2017, huko kusini mwa Malawi, uvumi huo huo uliua watu kadhaa mpaka Umoja wa Mataifa ukawahamisha watumishi wake kutoka wilaya za Mulanje na Phalombe.

Wale waliowaua watafiti hawakuwa wanacheza filamu. Damu iliyomwagika ilikuwa damu. Na aliyeimwaga ni yule aliyedhani anajikinga na mnyonya damu. Basi hapo mnyonya damu ni nani?

Tuje nyumbani, Ufipa. Wenyeji husimulia kuwa jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Jina zuri. Linamtaka anayeingia mji huu auache uchafu wake nje. Lakini mikoa mingine wamelipindua, na mtu akisema natoka Sumbawanga, wenzake humsogelea mbali kwa mzaha usiokuwa mzaha. Hatupendi mzaha huo. Tunasema tunasingiziwa. Kweli tunasingiziwa! Mji mzima umepewa jina kwa hadithi ambazo hakuna aliyezithibitisha, kama vile Sultani alivyopewa sura na filamu.

Ajabu ni kwamba sisi tunaosingiziwa, nasi tunasingizia. Katika miaka ya 1960 walipita Ufipa watu wa Kamchape, wenye dawa ya kuwafichua wachawi. Vijiji viliwapokea, na mara nyingi walionyoshewa vidole walikuwa wazee. Kamchape wale wamepita, kidole kimebaki. Mpaka leo, mtoto akifa ghafla au shamba la mahindi likakataa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli hamtaji kijana mwenye misuli. Anamtaja bibi kizee, mjane, anayelala peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni alioukokea miaka 60 ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi yetu hii. Hatutumii meno kumnyonya. Tunatumia panga. Na ndugu zetu wenye ualbino nao, mkoa huu wa Rukwa mwaka 2013 na tena 2015 ulitajwa dunia nzima kwa watu waliokatwa viungo, kwa kuwa mganga alimdanganya mtu kuwa mkono wa binadamu unaleta utajiri. Filamu gani ya Ulaya inatisha kuliko hiyo?

Yule kijana anayecheka popo wa Dracula, ukimwambia bibi fulani wa mtaa wa pili anaruka na ungo, hacheki. Anauliza: "Yupi?"

Ndugu zanguni, Uislamu uliikuta jamii yenye hadithi kama hizi ukaisafisha. Waarabu wa ujahiliya waliamini kuwa mtu akiuawa na asilipiziwe kisasi, hutoka ndege mfano wa bundi, akakaa juu ya kaburi akilia kiu, mpaka damu ya muuaji imwagike. Wakimwita hama. Tazameni, ni mfu mwenye kiu ya damu! Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alilifuta jambo hilo kwa neno moja: hakuna hama. Na katika mapokezi ya Muslim akalifuta pia ghuli, zimwi la jangwani lililosemwa kuwapoteza wasafiri. Neno hilo Wazungu walilichukua na kulitilia katika hadithi zao za kutisha. Sisi tuliambiwa tulitupe, wao wakaliokota, na leo tunalipia kiingilio tukaangalie.

Atasimama mtu aniambie: "Shekhe, uchawi si umetajwa katika Qur'an?" Naam, umetajwa, katika Suratul Baqarah (2:102), na ni dhambi kubwa. Lakini kuwepo kwa uchawi ni jambo moja, na kuwa mama Fulani ni mchawi ni jambo jingine. Kuwepo kwa wezi hakukupi ruhusa ya kumchoma moto kila anayepita usiku. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba lau watu wangepewa kila wanachokidai, wangetokea wa kudai damu na mali za wenzao. Kwa hiyo anayedai alete ushahidi. Ndoto si ushahidi. Ramli si ushahidi. Macho mekundu si ushahidi. Na anayekwenda kumuuliza mpiga ramli, hadithi iliyo katika Sahih Muslim inatuonya kuwa swala zake hazikubaliwi siku 40. Huyo ni aliyeuliza tu. Aliyeuliza kisha akaua je? Suratul Maidah (5:32) imeshasema: ni kama ameua watu wote.

Amri ya Suratul Hujurat (49:6) tunaisoma sana pale tunaposemwa vibaya sisi. Fasiki akituletea habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Hatukuambiwa tuichunguze ikiwa inatuhusu Waislamu peke yetu. Habari ya Sultani ichunguzwe, na habari ya bibi wa mtaa wa pili ichunguzwe. Ukiidai ya kwanza ukaiacha ya pili, hukudai haki. Umejidai wewe.

Kwa hiyo nasaha zangu ni chache. Walimu wetu wa madrasa wawafundishe watoto tarehe ya dola za Kiislamu, mazuri yake na makosa yake, ili mtoto asije kumjua Muhammad al-Fatih kwa mara ya kwanza kibandani. Wazazi wajue watoto wao wanaangalia nini usiku. Maimamu wasiogope kuutaja mimbarini uovu wa wapiga ramli, hata kama baadhi ya wateja wao wamekaa safu ya mbele. Na wewe kijana, siku ukisikia mtaani jina la mzee limeanza kunong'onwa, usinong'one. Nenda kamsalimie mchana, watu wakuone. Kaa naye, mpelekee kuni. Uvumi hauendi mbali kwa mtu mwenye wageni. Ukiona hatari, toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi kabla ya usiku kuingia, si baada ya mazishi.

Wale vijana watatu waliagana barazani bila ya kukubaliana. Mimi ningewaambia kila mmoja ana kipande cha haki, lakini wote walisahau kuuliza swali la nne: mimi mwenyewe, ni hadithi ya nani ninayoibeba bila ya kuichunguza, na inaelekea mlango wa nani?

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na damu za watu, na mikono yetu na damu za watu. Tuoneshe haki tuifuate, na batili tuiepuke, hata ikiwa ni ya kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.