Aibu ya Chuo cha Miaka Miwili

Hebu tujiulize. Nyumbani wakipiga simu kuuliza mtoto anasoma wapi, kwa nini wengi wetu hapa Marekani tunajibu "yuko chuo kikuu," ilhali yuko chuo cha jamii, kile cha miaka miwili?

Tunajitetea kwamba huo si uongo. Atahamia chuo kikuu baadaye, na waliomchangia nauli wasivunjike moyo. Hoja hiyo ina uzito, maana waliojinyima kwa ajili yetu wanatudai heshima. Lakini gharama ya aibu hiyo hulipwa na nani?

Tuchukue mfano wa anayetaka shahada ya kemia. Masomo yake yamefungana kama shanga katika uzi. Kemia ya jumla ni mihula miwili. Bila hiyo haingii kemia ya misombo ya kaboni, nayo ni mihula miwili mingine. Fizikia yake inataka kalkulasi, na kalkulasi haianzwi kabla ya aljebra. Akikosea hatua ya kwanza, mwaka umepotea.

Tena kuna mtego. Krediti 60 za chuo cha jamii, nusu ya 120 za shahada, zaweza kupokelewa zote na bado nyingine zisihesabiwe katika kemia yenyewe. Chuo kikuu kimoja huikubali kozi ya kaboni aliyoisoma, kingine humtaka airudie. Kwa hiyo mpango huanzia mwisho: kwanza chuo kikuu anachokitaka, kisha kozi zinazokubalika huko. Wa California wana mtandao wa ASSIST unaoonyesha kozi ipi husimama badala ya ipi katika vyuo vikuu vya umma. Wa kwingineko waulize idara ya kemia mapema, kwa maandishi.

Yote hayo hujulikana kwa kuuliza. Na aliyekatazwa kusema anakosoma atamwuliza nani?

Kijana wetu mmoja alikaa nasi miaka miwili, harusini na misibani, chumba kimoja na dada aliyeipita njia hiyohiyo ya kemia. Hakuna aliyewakutanisha, kwani ingebidi kutaja chuo chake. Alipohamia chuo kikuu alirudia mwaka mzima, akilipa karo kubwa kuliko ile ya mwanzo. Sisi wazee tulijua, tukanyamaza, tukidhani tunamlindia jina.

Mficha uchi hazai. Waliotuchangia hawakununua jina la chuo. Walitaka mtoto afike. Kuwaficha njia anayopita, hata akapotea, si heshima kwao.

Basi simu ikilia Jumapili tuseme wazi: "Yuko chuo cha miaka miwili, ameanza kemia, na tunamtafutia wa kumwonyesha njia ya mbele." Kisha tukikata simu, tumtafute kweli.