Daraja Lenye Ngazi Tatu



Sisi wa Temeke tunajua maana ya kuwa ng'ambo. Miaka ile, ukitaka kwenda Kigamboni unasubiri pantoni pale Magogoni, au unazunguka kwa barabara kupitia Kongowe. Kisha Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, kutoka Kurasini hadi Kigamboni: mita 680, njia sita za magari. Maji hayakukauka, yako vilevile. Ila sasa kuna pa kupita.

Ukipita pale, angalia juu. Nyaya nene za chuma zimeshuka kutoka kwenye minara na kuishika barabara. Uzito wa malori na daladala unapanda kwa nyaya hadi mnarani, na mnara unaushusha hadi kwenye msingi. Yaani mnara umesimama pale kubeba mzigo usio wake. Mimi nikiuona, nauwaza Msalaba.

Wazo hili ni la zamani. Katika karne ya 14, Mtakatifu Katarina wa Siena, ambaye Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, alieleza kwamba Kristo ndiye daraja kati ya mbingu na dunia. Dhambi ilikata njia, mto ukajaa, na anayejitosa mtoni anazama. Daraja hilo lina ngazi tatu: miguu ya Yesu, tunapoachana na dhambi, ubavu wake uliochomwa, tunapoonja upendo wake, na kinywa chake, tunapopata amani.

Hapo kwenye kinywa ndipo wengi tunakwama. Namfahamu kijana ambaye hasemi na kaka yake tangu wagombee kiwanja alichoacha baba yao Mbagala. Mmoja anasali misa ya kwanza, mwingine ya pili, wasije wakakutana. Mama yao, mzee sasa, sikukuu ya Pasaka anapakua mara mbili.

Sisemi mtu aache haki yake. Haki ina mahali pake: kikao cha ukoo, hata mahakama. Lakini kesi ya kiwanja inaweza kuwepo na salamu ikawepo pia. Yesu ametuagiza kwamba hata tukiwa tayari altareni na sadaka mkononi, tukapatane kwanza na ndugu (Mt 5:23-24). Hakusema tumsubiri yeye aanze.

Pale Kigamboni wenye magari hulipa tozo. Daraja la Kristo tozo yake ilishalipwa, kwa damu. Basi wiki hii nenda kitubio, kisha piga simu. Si ujumbe, simu. Sema tu: "Shikamoo kaka. Jumapili tule kwa mama."

Tusali: Bwana Yesu, ulibeba uzito wetu Msalabani. Fungua vinywa vyetu tuliofungiana. Amina.

Mtakatifu Katarina wa Siena, utuombee.