Mwenye Umati Asinyamaze

Ndugu zangu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, mkumbukeni Esta. Yatima aliyelelewa na Mordekai, akapendwa na mfalme hadi akavikwa taji. Amri ya kuwaangamiza watu wake ilipotoka, alitakiwa aende kwa mfalme bila kuitwa, na kosa hilo adhabu yake ilikuwa kifo. Angeweza kunyamaza. Jumba la kifalme lilikuwa limemsitiri, na kabila lake alikuwa amelificha. Akafunga siku tatu, akavaa mavazi yake ya kimalkia, akaenda. Uzuri ule ule uliompandisha cheo ndio alioutumia kuokoa roho za watu. Huo ndio umaarufu mbele za Mungu!

Nasema nanyi mnaojulikana: waigizaji, waimbaji, washereheshaji, na zaidi ninyi mamanju wa ngoma. Mnajua jinsi vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinavyoshindana baada ya mavuno. Ngoma mbili zinapigwa kwenye uwanja mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Vumbi linatimka, mama mwenye mtoto mgongoni anatoka upande huu anakimbilia ule, wazee wanainua fimbo juu. Manju akimtaja mtu kwenye wimbo, mtu huyo atasemwa visimani na minadani mpaka msimu upite. Diwani gani ana nguvu hiyo? Mhubiri gani? Sisi huwaomba watu waje, ninyi wanawafuata wenyewe.

Basi umati huo mnaulisha nini?

Mtazameni Profesa Amandina Lihamba. Ni mwigizaji; katika filamu ya Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001, aliigiza kama Samehe, mwanamke aliyekaa miaka mingi hospitalini bila kutamka neno. Sifa za jukwaani zingemtosha. Lakini tangu mwaka 1996 yeye na Profesa Penina Mlama, wakiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wameanzisha mradi wa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Hawakuwapelekea mchezo ulioandikwa tayari. Waliwauliza wasichana: ni nini kinachowazuia kusoma? Wakataja wenyewe: mwalimu anayewataka kimapenzi, mimba, kazi za nyumbani zinazokula jioni yote. Wakatunga igizo kutokana na hayo, wakaliigiza mbele ya walimu na wazazi, na igizo lilipokwisha watu wakajadiliana la kufanya. Hebu uone ujasiri huo! Binti wa kidato cha pili anaigiza tabia za mtu mzima, na mtu mzima mwenye tabia hizo huenda ameketi safu ya mbele anamtazama.

Na Rebeca Gyumi je? Vijana walimzoea kwenye kipindi cha televisheni cha Fema. Mwaka 2016 alikwenda mahakamani kupinga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa kibali cha mahakama. Akashinda Mahakama Kuu. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena.

Kesi ile ilihusu mabinti wetu hasa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, Bariadi ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, ulikuta wanawake vijana 59 katika kila 100 mkoani humo wameolewa kabla ya miaka 18. Tunajua inavyokuwa: pamba imeuzwa, ng'ombe wanahesabiwa uani, na madaftari ya mtoto yanatumika kuwashia moto. Tena ni katika wilaya hii ya Bariadi alikouawa mtu mwenye ualbino, na mwaka 2009 wanaume wanne wakahukumiwa kifo kwa damu yake. Na bibi zetu wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kutupikia sisi ugali!

Msiniambie kazi ya msanii ni kuburudisha tu. Wauaji hawa na waozeshaji hawa wako kwenye umati wako, wanakupigia makofi, wanakutunza noti. Utaimba nini mbele yao?

Manju, ukiitwa kupiga ngoma kwenye harusi ya mtoto wa darasa la saba, kataa, na kama umeshapokea fedha, irudishe leo. Mwigizaji, ukipanda jukwaani kwenye viwanja vya Nyakabindi hapa Bariadi, mlete kando yako kijana mwenye ualbino, ashike kipaza sauti kabla yako. Mshereheshaji, bibi akitajwa kwa uchawi kijijini kwako, nenda ukaketi mlangoni pake mchana kweupe, watu wakuone.

Nanyi mashabiki, siku msanii wenu atakapoyasema haya na wakubwa wakamnunia, msihamie ngoma ya jirani. Jazeni uwanja wake.