Mas-ala ya Bima ya Motokaa na Haki ya Mtu wa Tatu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, limetufikia suala kutoka bara, kwa kijana mmoja wa pwani akaaye Karagwe, katika mkoa wa Kagera. Umri wake miaka 22. Amepata leseni juzi, na kwa msaada wa mjomba wake amenunua motokaa ndogo iliyokwisha tumika, apate kuchukua abiria kutoka Kayanga, kwa njia ya Omurushaka, hata Murongo iliyo Kyerwa. Sasa atafuta bima ya bei aiwezayo, na watu watatu wamempa shauri tatu. Wa kwanza amemwambia: “Bima ni haramu, mtegemee Mungu, uende zako.” Wa pili yuko tayari kumwuzia karatasi ya bima kwa nusu ya bei, bila ya kuulizwa jambo. Wa tatu amemwambia: “Iandikishe motokaa yako kuwa ni ya kutembelea tu, wala usitaje abiria, utapunguziwa.” Kijana auliza: Je, katika haya matatu nishike lipi?

Kwanza tupaeleze mahali penyewe, kwani wengi wetu hatujafika huko, ijapokuwa wazee wetu walifika. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya mfalme Rumanyika. Na Mzungu Speke alipoingia Karagwe mwaka 1861 aliwakuta wamekwisha mtangulia. Safari yao ilikuwa ya miezi kwa miguu, na mtu akigongana na mwenzake njiani, waligongana mabega, wakaombana radhi, wakapita. Leo nchi ile ni wilaya mbili, maana Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, na njia zake ni za motokaa. Zapanda milima na kuishuka, migomba na mikahawa ikiwa pande zote mbili. Na juu ya njia hizo hizo hupita watoto wa shule, na wanawake wenye mizigo vichwani, na baiskeli zilizopakiwa mikungu ya ndizi. Aendeshaye mahali kama hapo, kosa lake halimpati yeye peke yake.

Basi jua, ewe ndugu, kwamba sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, haimlazimishi mtu kuikatia bima motokaa yake isiibwe wala isiungue. Hayo ni hiari yake. Yamlazimisha jambo moja tu: awe na dhamana kwa ajili ya watu watakaokufa au kuumia kwa sababu ya motokaa ile. Watu wa bima huiita bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye motokaa. Wa pili ni kampuni. Na wa tatu ni yule ambaye hakuwapo walipoandikiana, hakuulizwa, wala jina lake halijulikani bado. Pengine sasa hivi yuko shambani Nkwenda apalilia kahawa yake. Ukimsahau huyu wa tatu, mas-ala yote hutaifahamu.

Na katika bei, kijana wetu amepata nafuu asiyoijua. Uingereza kijana mwenye leseni mpya hutozwa mali nyingi kuliko mzee wake, kwa hoja kwamba vijana huzidi kwa ajali. Katika Tanzania bima hii ya lazima haitazami umri. Yatazama aina ya chombo na kazi yake. Kwa miaka mingi bei yake kwa motokaa ya mtu binafsi imekuwa shilingi 100,000 kwa mwaka, na kodi ya 18 kwa mia juu yake, jumla 118,000. Na ya abiria huzidi kwa hesabu ya viti. Ama ile bima kubwa, ambayo humlipa hata mwenye motokaa, imekuwa kiasi cha 3.5 kwa mia ya thamani. Yaani motokaa ya shilingi 10,000,000 hutozwa 350,000 kabla ya kodi. Kijana hana haja ya hii ya pili. Tukizigawa zile 118,000 kwa siku 365, tutapata shilingi 323 na kitu kila siku, nazo hazifiki bei ya chai na maandazi. Ugumu wake ni kuzitoa zote kwa siku moja. Huo ni ugumu wa kweli, nasi tutaurudia.

Ama neno la mshauri wa kwanza, kuwa bima ni haramu, hatulidharau, kwani lina asili katika elimu. Ibn Abidin wa Damasko, aliyefariki mwaka 1836, alikwisha kuandika juu ya bima ya vyombo vya bahari iliyoitwa sukara, akaikataa. Na Baraza la Fiqhi lililokutana Jidda mwaka 1985 lilihukumu kwamba bima ya kibiashara, yenye ada maalumu, imeingiwa na gharari kubwa, kwa hivyo haifai. Na lililoruhusu badala yake ni bima ya kusaidiana. Wako wanavyuoni walioikhitalifu rai hiyo, na miongoni mwao ni Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Sham. Sisi si watu wa kuamua baina ya milima.

Lakini twamwuliza mshauri huyu: Je, ukiiharimisha bima, na diya pia umeiondoa? Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 92, amemwajibishia aliyeua kwa kukosea mambo mawili: kafara, na diya ikabidhiwe jamaa za maiti, isipokuwa wakisamehe. Hakusema kwamba aliyekosea bila ya kusudi hana deni. Basi mtu asemaye “bima haramu”, naye hana kitu cha kulipa wala jamaa wa kumlipia, akatia ufunguo akaondoa motokaa, huyo hakuikimbia haramu. Ameikimbia haki ya mtu, na dini ameifanya pazia ya kujifichia.

Na akisema, “Namtegemea Mungu”, twamkumbusha khabari aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu; akaamrishwa amfunge na ategemee. Na hapo ngamia alikuwa wake, na hasara ingekuwa yake. Sembuse hasara ya mwingine? Tawakali ni katika mali yako na nafsi yako. Kuitegemeza juu ya mguu wa mtoto wa watu si tawakali, ni ujuba.

Ama mshauri wa pili, mwenye karatasi ya nusu ya bei, neno lake ni fupi na jawabu yake fupi. Karatasi isiyotoka kwa kampuni yenye idhini haina mtu nyuma yake. Askari huenda akadanganyika nayo, lakini mjane hawezi kuipeleka popote akalipwa. Wala leo hakuna udhuru wa kutojua, maana Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeweka daftari katika intaneti, na mwenye simu aandika namba ya motokaa akaona kama bima yake ni ya kweli na itakwisha lini. Aliyeuziwa ya uongo asijue, amedhulumiwa; aliyeinunua akijua, amedhulumu. Na ubaya wa dhuluma hii ni kwamba hajui amemdhulumu nani. Mwizi wa kuku ajua kuku ni wa nani, aweza kutubu akarudisha. Huyu haki aliyoila ni ya mtu atakayemjua siku ya kumgonga, na siku hiyo kurudisha hakuna.

Ama mshauri wa tatu, amemfundisha kijana uongo mdogo, na uongo mdogo ndio unaotunasa wengi, kwa kuwa motokaa ni ya kweli na karatasi ni ya kweli. Lakini mapatano yameandikwa juu ya jambo lisilokuwako. Kampuni imekubali kudhamini motokaa ya kwenda sokoni na msikitini, nayo kumbe yabeba nafsi kutoka Kayanga hata Murongo kwa nauli. Siku ya msiba kampuni itatoa hoja kwamba ilidanganywa, na itakuwa na hoja. Na watakaokosa ni wale abiria, waliolipa nauli wakaamini. Katika sharia yetu ghishi katika mapatano ni haramu, awe udanganywaye Mwislamu au si Mwislamu, tajiri au fakiri. Na kadhalika, akichukua abiria akavuka nao daraja la Murongo kuingia Uganda, na ajue kuwa bima ya nyumbani haivuki pamoja naye. Hapana budi apate kwanza ile kadi ya njano ya COMESA.

Basi, atasema kijana, mmenifungia milango yote mitatu, nami mfukoni sina kitu. Jibu letu ni kwamba rahisi ya halali ipo. Akate ile ya lazima tu, aache ile kubwa mpaka Mungu atakapomfungulia. Aulize kwa mawakala wawili watatu wenye idhini kabla ya kutoa mali. Aseme kweli juu ya kazi ya motokaa yake. Aweke shilingi 500 kila jioni katika kibweta asichokigusa. Kwa mwaka zitakuwa 182,500. Na hii takafuli, ambayo ni bima ya kusaidiana, imekwisha ingia katika nchi zetu: Kenya ilipata kampuni yake mwaka 2011, na Shirika la Bima la Zanzibar nalo limefungua mlango huo. Palipo na takafuli aiwezayo, asiiache akaenda kwingine. Na pasipokuwa nayo, sheria ikamlazimisha, naye hana njia nyingine ya kupata riziki, basi achukue kadiri ya lazima asizidishe, na twataraji Mola wake hatamlaumu kwa alilolazimishwa.

Lakini, ndugu zangu, maneno haya hayatakamilika tukimwachia kijana peke yake. Diya ya kukosea katika Uislamu haikuwa mzigo wa mtu mmoja. Wanawake wawili wa kabila la Hudhail walipopigana, na mmoja akafa, Mtume (S.A.W.) aliihukumu diya juu ya akila, yaani jamaa za kiumeni za aliyeua. Na mafakihi wetu wa Kishafii wamebainisha kiasi: kwa muda wa miaka mitatu, tajiri katika jamaa hutozwa nusu dinari kila mwaka, na wa kati robo dinari, na fakiri hatozwi kitu. Tazama hekima yake. Msiba mkubwa waligawanyiwa wengi mpaka ukawa mdogo kwa kila mmoja, na mwenye kufiwa akapata haki yake kamili.

Na huko huko Kagera, wenyeji wana vyama vyao vya kuzikana. Kila nyumba hutoa kidogo, na msiba ukiingia kwa mmoja huwa wa wote. Wengi wao si wa dini yetu, nao wamelishika jambo ambalo Mtume (S.A.W.) aliwasifu kwalo Ash-ari, waliokuwa chakula kikipungua hukusanya walicho nacho katika nguo moja wakagawana sawasawa. Na sisi wa pwani, akila yetu iko wapi? Twamchangia kijana harusi hata deni, na akipata motokaa twampongeza na kumwomba atupakie. Nani katika sisi amemwuliza, “Mwanangu, bima umekata? Umepungukiwa na shilingi ngapi?” Mjomba aliyetoa mamilioni ya kununua motokaa, kisha akazuia 118,000 za dhamana ya watu, amempa mpwawe upanga na kumnyima ala yake.

Basi twawausia wazee: kijana wenu anapotaka kuendesha, kaeni jamaa kumi, kila mmoja atoe kadiri yake, ikatwe bima ya kweli. Hiyo ni akila kwa zama zetu, na thawabu yake haiko mbali.

Nawe kijana uliyeuliza, shika na neno hili la mwisho. Bima ikilipa, imelipa mali. Kafara ile ya aya ya 92 imebaki juu yako, nayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Hakuna kampuni itakayokufungia hata siku moja. Kwa hivyo punguza mwendo penye ukungu na penye watoto, na bima yako iwe ya kweli, ili yule mtu wa tatu, usiyemjua naye hakujui, asije akakushika Siku ya Kiyama akasema: “Ewe Mola wangu, huyu aliiona haki yangu ni ghali.”

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi nanyi, na atulinde njiani na majumbani. Wallahu aalam.