Tusimsome Mtu kwa Rangi ya Kanzu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyezitofautisha lugha zetu na rangi zetu akaufanya utofauti huo kuwa ishara kwa wenye kujua. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Maneno haya niliyasema kwa ufupi baada ya swala ya Alasiri, nikaombwa niyaandike. Nayaandika kwa haya, kwani mkosaji katika kisa hiki ni mimi.

Mwaka wangu wa pili hapa Bujumbura, mmoja wetu alileta katika kundi letu la simu mchezo wa rangi. Unapewa rangi nane, unazipanga kuanzia unayoipenda zaidi, kisha unaambiwa tabia yako na hali ya moyo wako. Mimi nilianza na kijani, nikaambiwa ni mtu mwenye msimamo na subira. Nilifurahi sana, nikaona mchezo huu una akili! Ndugu yetu mmoja, ambaye sitamtaja, alianza na kahawia. Naye kila siku alikuja msikitini na kanzu moja ya kahawia. Nikaandika mbele ya wote: ndiyo maana hana raha, moyo wake umefungwa, rangi imemsema. Watu wakacheka. Kuanzia siku hiyo akaitwa Bwana Kahawia, na jina hilo nililitunga mimi.

Jambo lenyewe lina asili yake. Mswisi Max Lüscher aliutunga mtihani wa rangi nane katika miaka ya 1940. Bluu, kijani, nyekundu na manjano aliziita za msingi. Aliyetanguliza kahawia, kijivu au nyeusi alihesabiwa kuwa ana jambo linalomsumbua. Michezo mingi ya simu inafanana na mtihani huo. Lakini mbona maelezo yale hutuingia moyoni kana kwamba ametuandikia mtu anayetujua? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo akidai ni yake peke yake. Wakayapima usahihi wake kwa alama 0 hadi 5, na wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sehemu kubwa ya maneno yake aliyatoa katika kitabu cha nyota! Wasomi wa chuo kikuu, kama sisi.

Sisemi kwamba anayecheza mchezo huo amekwenda kwa kahini. Sina elimu ya kutoa fatwa. Lakini tunajua Mtume (s.a.w.) alivyoonya juu ya kumwendea mwenye kudai kujua yaliyofichika, na mlango huo mimi siupendi hata ukiwa umepakwa rangi nzuri.

Wala dini yetu haikatai kwamba rangi hugusa moyo. Katika Surat al-Baqara, Bani Israil waliambiwa wachinje ng'ombe wa manjano iliyokoza, anayewafurahisha wamtazamao. Katika Surat an-Nahl tunasimuliwa habari za yule aliyebashiriwa mtoto wa kike, uso wake ukasawijika kwa ghadhabu anayoimeza. Mjane aliye katika eda huacha nguo za mapambo kwa miezi minne na siku kumi, na kila amwonaye anajua kuna msiba. Basi zipo nguo zinazosema. Ila zinasema kwa sababu mvaaji amekusudia ziseme, au sharia imezipa maana.

Tumtazame Mtume wetu mwenyewe (s.a.w.). Alitusihi tuvae nguo nyeupe na tuwakafini maiti wetu kwazo. Abu Rimtha alimwona amevaa nguo mbili za kijani. Al-Baraa alimwona katika vazi jekundu, akasema hajaona kitu kizuri kuliko yeye. Jabir akapokea kwamba aliingia Makka siku ya ufunguzi akiwa na kilemba cheusi. (Wanazuoni wana maneno marefu juu ya nyekundu na nguo zilizotiwa usfuri, wenye kutaka wawaulize masheikh.) Sasa huo mchezo wa simu ungemwambia nini mtu wa kilemba cheusi? Ungesema ana huzuni, au ana hasira na dunia. Naye siku ile alikuwa akiingia mji uliomfukuza, akawasamehe watu wake.

Nirudi kwa ndugu yetu. Baada ya wiki chache aliacha kukaa kwenye darsa zetu za jioni. Alikuwa akiswali na kuondoka. Mimi nikasema, si mnaona? Siku moja usiku nikaenda chumbani kwake kuazima kitabu. Nikamkuta anafua ile kanzu, akiwa amejifunga taulo, anawasimulia wenzake kisa huku wote wanacheka mpaka machozi. Ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wote mle ndani. Akanikaribisha chai. Nikamwuliza, nusu kwa utani, kwa nini alichagua kahawia. Akasema, "Kaka, sikuichagua. Nilikwenda Ruvumera na hela niliyokuwa nayo, ndiyo iliyonitosha. Haionyeshi vumbi, na sabuni inakaa." Kanzu yake nyeupe alikuwa amemwachia mdogo wake nyumbani avae Idi. Na kwenye ule mchezo, alisema, aliitanguliza kahawia ili tusimwulize mbona anavaa asichokipenda.

Chai ile ilinishinda kumeza. Nilikumbuka aya ya mwisho mwisho wa al-Baqara, inayowataja masikini ambao asiyejua huwadhani matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao, hawaombi watu wakawang'ang'ania. Mimi nilikuwa asiyejua, tena nikajidai msomaji wa nyoyo. Na katika Surat al-Hujurat nilikuwa nimevunja makatazo manne kwa ujumbe mmoja: dharau, jina la kejeli, dhana, na kumsengenya kila alipoondoka.

Nilimwomba msamaha palepale. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini yale uliyasema mbele ya watu sitini, na hapa tuko wanne." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakamua kanzu.

Ujumbe ule niliufuta kwenye simu yangu, ila katika simu zenu bado upo, na wengine mliupeleka kwenye makundi mengine. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akakubali kwa sharti jina lake lisitajwe. Basi ninyi mliokuwemo kundini, na mnajijua, nawaomba kwa ajili ya Allah: ufuteni, na jina lile lisimfuate tena. Darsa ni Jumanne baada ya Magharibi. Akija, mpeni nafasi ya mbele.

Wabillahi tawfiq.